Passiflora foetida: mpasheni wa mwituni wenye wavu

Passiflora foetida ni mmea unaotambaa, ndugu wa ule unaozaa pasheni, au karakara, zinazokamuliwa juisi. Asili yake ni nchi za joto za Amerika, kuanzia kusini mwa Marekani na Meksiko hadi Amerika Kusini. Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliupa jina hilo la kisayansi mwaka 1753. Siku hizi umeenea pia Afrika, Asia ya Kusini-Mashariki, Australia na visiwa vya Pasifiki.

Fikicha jani lake na utasikia harufu kali isiyopendeza. Majani yana vinyweleo, na mengi yamegawanyika sehemu tatu. Ua ni jeupe au zambarau hafifu.

Lakini kinachonivutia zaidi ni wavu wake. Kila tumba la ua limezungukwa na vijani vitatu vilivyochanikachanika hadi vikawa kama nyuzi, na hubaki hapo hata tunda linapokua. Ncha za nyuzi hizo zina tezi zinazotoa ute unaonata. Mdudu mdogo anayekuja kutafuna tumba hunasa humo na kufa. Watafiti wamekuta ndani ya ute huo vimeng'enya vinavyovunja protini, ndiyo maana wengine huuhesabu mmea huu kuwa unakaribia kundi la mimea inayokula wadudu. Mimi naona ulinzi ndio kazi yake kuu: matumba yanayonusurika ndiyo yanayozaa mbegu, na chakula chake mmea hujitengenezea kwa majani kama mimea mingine.

Tunda ni dogo, kipenyo chake sentimita 2 hadi 3, na likiiva huwa la manjano, rangi ya machungwa au jekundu, kutegemea aina. Ndani mna mbegu nyeusi zilizofunikwa na nyama laini yenye utamu. Lile bichi, la kijani, usilile kabisa. Lina kemikali zinazoweza kutoa sumu ya sianidi. Watoto wanaochuma matunda porini waambiwe hivyo bila kuzungushwa.

Ndege hula matunda yaliyoiva na kudondosha mbegu mbali, na hapo ndipo tabu inapoanza. Kaskazini mwa Australia mmea huu umekuwa gugu vamizi: hupanda juu ya vichaka na kuvifunika hadi vikakosa mwanga. Anayetaka kuuondoa aung'oe na mizizi yake ungali mchanga, kabla haujazaa.