Monstera haifi kwa kiu

Mwezi wa tatu mama mmoja alishuka kwenye bajaji mbele ya kitalu changu hapa Dar es Salaam, amekumbatia monstera, ule mmea wa mapambo wa majani makubwa yenye matundu, iliyomzidi kimo. Majani matano ya chini yalikuwa ya njano. "Mwanangu," akaniambia, "huu mmea naumwagilia kila siku, mbona unakufa?" Nikaingiza kidole kwenye udongo, kikatoka na matope. Nikauchomoa taratibu: mizizi myeusi, laini, inanuka kama maji ya mtaro. Chungu kilikuwa kizuri cha kung'aa, ila chini hakikuwa na tundu hata moja.

Naletewa mimea ya namna hiyo karibu kila wiki, na roho huniuma kwa sababu wenyewe huwa wameihangaikia kwa upendo kabisa. Wameipa maji mpaka ikazama.

Ili kuielewa Monstera deliciosa, anzia kwao. Asili yake ni misitu yenye mvua ya kusini mwa Meksiko hadi Panama. Mche huota chini kwenye majani yaliyooza, kisha huenda kutafuta mti. Mwaka 1975, wanasayansi Donald Strong na Thomas Ray walieleza jambo ambalo bado linanishangaza: mche wa jamaa yake wa Costa Rica haukimbilii mwanga kama miche mingine. Unatambaa kuelekea penye giza zaidi, maana msituni giza hilo mara nyingi ni shina nene la mti. Ukishalifikia ndipo unapanda kuufuata mwanga. Kule juu mizizi inashika gome, inalowa kwa mvua, halafu inapigwa na hewa. Haijazoea kukaa kwenye dimbwi.

Kwa hiyo udongo wake uwe wa kupitisha maji na hewa. Mimi nachanganya sehemu mbili za makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, moja ya mboji iliyoiva na moja ya pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi, kisha natupia vipande vya mkaa. Makumbi yaloweke kwanza siku mbili tatu huku ukibadilisha maji, yatoe chumvi. Udongo mzito wa mfinyanzi peke yake usiuweke, hata kama ndio uliopo karibu.

Kumwagilia hakuna ratiba. Ingiza kidole mpaka kiungo cha pili. Kukiwa na unyevu, acha. Jifunze pia kunyanyua chungu, maana uzito wake utakuambia kabla ya kidole. Joto la Januari na Februari linaweza kukulazimisha kumwagilia kila wiki, wakati masika unaweza kupitisha wiki mbili. Ukimwagilia, mwaga mpaka maji yatoke chini, na yaliyobaki kwenye kisahani yamwage.

Mizizi ikishaoza, kata yote myeusi kwa kisu ulichokifuta kwa spiriti, bakiza ile migumu yenye rangi ya maziwa, kisha panda kwenye chungu kidogo chenye matundu, uweke kivulini. Usitie mbolea. Mmea wa yule mama ulibaki na mizizi minne.

Jani moja la chini kabisa likigeuka njano baada ya miaka, huo ni uzee tu. Kingo kavu za kahawia mara nyingi ni kiu, upepo wa kiyoyozi au mbolea iliyozidi. Mabaka makavu kama karatasi katikati ya jani ni jua kali la mchana. Matone ya maji kwenye ncha asubuhi si ugonjwa: mmea unatoa maji ya ziada.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni kwa nini majani hayatoboki. Mmea mchanga hauna matundu, na ukiwa gizani utaendelea kutoa majani mazima, madogo. Mtafiti Christopher Muir mwaka 2013 alipendekeza kwamba matundu hulitandaza jani juu ya eneo kubwa zaidi bila kuongeza tishu, hivyo linadaka kwa uhakika zaidi vimwanga vinavyopenya msituni. Nyumbani weka karibu na dirisha la mashariki au barazani penye kivuli chenye mwanga. Kumbuka wavu wa mbu na mapazia hula mwanga mwingi kuliko unavyodhani.

Kisha mpe mti. Napenda gogo la mwarobaini lenye gome lake, limezungushiwa gunia la katani. Tazama upande ambao mizizi ya hewani inatokea, upande huo ndio uegemee gogo. Wengi hugeuza kinyume na mmea unahangaika. Funga shina kwa kitambaa laini, usifunge kikonyo cha jani. Lowesha gunia mara kwa mara. Mizizi ya hewani usiikate, ielekeze kwenye gogo au kwenye udongo.

Ukiona michirizi ya rangi ya fedha yenye vidoti vyeusi, hao ni vithiripi, wadudu wadogo sana wanaofyonza majani. Tenga mmea, futa majani pande zote, pulizia maji ya sabuni na mafuta ya mwarobaini kila baada ya siku tano hadi saba kwa mwezi mzima, kwa kuwa mayai yamo ndani ya jani. Kung'arisha, tumia maji matupu, si mafuta ya nazi.

Na tafadhali usinunue jani lisilo na kifundo cha shina, pale chipukizi linapotokea. Mitandaoni yanauzwa sana. Linaweza hata kutoa mizizi kwenye maji, lakini mmea hautachipua.

Ni ukoo mmoja na magimbi, na kama gimbi bichi, utomvu wake unawasha mdomo na koo. Weka mbali na watoto na mbwa.

Juzi yule mama alinitumia picha. Jani jipya limetoka, bado limejikunja kama mkeka. Nimemwomba asilifungue kwa mkono.