Mzee mwenye saa ya kupimia: wanachotufundisha makocha wakongwe wa hoki ya barafuni

Dakika 19. Hizo ndizo nilizotumia kuongea katika kipindi kimoja cha mazoezi cha dakika 60, vijana 17 wakiwa wamepiga goti juu ya barafu na kunitazama. Aliyezihesabu ni kocha mstaafu aliyeketi peke yake kwenye viti vya juu, koti limefungwa hadi shingoni, saa ya kupimia mkononi. Mazoezi yalipokwisha alishuka taratibu, akanionyesha namba, kisha akaniuliza: "Katika dakika hizi 19, nani alikuwa anacheza hoki?"

Naishi Edmonton, mji mkuu wa jimbo la Alberta nchini Kanada. Nilizaliwa Moshi, ambako barafu tuliizoea kwa mbali, juu ya Kibo, na viatu vya kutelezea nilivivaa kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima. Leo nafundisha vijana wa miaka 14. Ndugu zangu wa nyumbani huniuliza kocha mwenye misimu 10 anakwenda kusomea nini tena, na wanaouliza hivyo siwalaumu. Mimi mwenyewe nilijiuliza nilipokuwa najaza fomu ya kozi ya makocha ya ngazi ya juu.

Kanada ina mpango wa taifa wa kuwafunza makocha wa michezo mbalimbali na kuwapa vyeti, ulioanza miaka ya 1970. Shirikisho la hoki, Hockey Canada, lina ngazi zake ndani ya mpango huo. Ngazi za mwanzo ni za mzazi anayejitolea kusimamia watoto wa mtaani kwake. Ile ya juu ni ya wanaotaka kuongoza timu za ushindani mkali: za vijana wa kiwango cha juu, za majimbo, za vyuo vikuu. Huko walimu ni makocha waliosimama nyuma ya benchi miaka 30 na zaidi. Unakaa nao siku kadhaa, darasani na barafuni, unarudi kwenye timu yako na kazi ya kuandika mpango wa msimu mzima, kisha mmoja wao anakuja kukutazama ukifundisha na ukiongoza mechi. Mzee wangu mwenye saa alikuwa mmoja wa hao.

Nilikwenda nikiwa na njaa ya michoro. Kocha kijana huamini kwamba wakubwa wanaficha kitu: kwamba upo mpangilio fulani wa washambuliaji watatu na mabeki wawili ambao ukiujua unashinda. Asubuhi ya siku ya kwanza wakatupa michoro yote. Wakatugawia makaratasi, wakasema pigeni picha, chukueni, tumieni. Darasani mlikuwa na makocha ambao wiki tatu baadaye wangekutana uwanjani kama wapinzani, na hakuna aliyeficha karatasi yake.

Ukarimu huo una historia, na hapa Alberta historia hiyo ina jina: Clare Drake. Alianza kuifundisha timu ya Chuo Kikuu cha Alberta mwaka 1958, akakaa nayo misimu 28, akashinda mechi 697 na ubingwa wa vyuo vya nchi nzima mara 6. Msimu wa 1967 na 1968 aliziongoza timu mbili za chuo hicho, ya hoki na ya futiboli ya Kanada (ile ya kubeba mpira mikononi, jamaa ya futiboli ya Marekani), na zote mbili zikawa bingwa wa taifa. Hata hivyo mwaka 2017, alipoingizwa kwenye Jumba la Heshima la Hoki kule Toronto, wengi waliomzungumzia hawakukaa sana kwenye hesabu za ushindi. Walisema jinsi alivyotoa alichokijua kwa yeyote aliyemwomba. Kocha Ken Hitchcock, aliyetwaa Kombe la Stanley, taji kuu la hoki ya kulipwa Amerika Kaskazini, na timu ya Dallas mwaka 1999, na Mike Babcock, aliyelitwaa na Detroit mwaka 2008, wote wamesema wazi kwamba walichota kwake. Drake alifariki mwaka 2018. Uwanja wa barafu wa chuo bado unaitwa kwa jina lake, na kila ninapopita mlangoni pake nakumbuka kwamba mambo ninayoyafanya kila Jumanne jioni yalipita mikononi mwake kabla ya kunifikia mimi, mgeni kutoka Kilimanjaro.

Wazee hawa pia hutukumbusha gharama ya kujifungia. Mwaka 1951 Mkanada aitwaye Lloyd Percival aliandika kitabu kuhusu mazoezi ya mwili, lishe, ufundi wa kuteleza na kupasiana. Watu wa hoki ya kulipwa hapa walikidharau. Kule Moscow, Anatoly Tarasov, aliyekuwa akiijenga hoki ya Kisovieti, alikisoma kwa bidii. Kisha ikaja tarehe 2 Septemba 1972, Montreal: mechi ya kwanza kati ya nyota wa kulipwa wa Kanada na Wasovieti. Wasovieti 7, Kanada 3. Kanada ilikuja kushinda mfululizo ule wa mechi 8 kwa tabu, kwa bao la Paul Henderson lililofungwa katika mechi ya mwisho zikiwa zimebaki sekunde 34. Lakini usiku wa Montreal uliwauma watu waliojiona wenye mchezo, na mafunzo haya tunayoyapata leo yamekulia katika nchi iliyolionja pigo lile.

Nirudi kwenye zile dakika 19.

Siku ile nilikuwa nafundisha jinsi ya kumkatia njia mpinzani. Kwa asiyeijua hoki: mchezaji mwenye kisahani, kile kidude bapa cha mpira mgumu kinachopigwa kwa gongo, anakuja kwa kasi kubwa, na ukimwendea moja kwa moja atakupita, kwa sababu juu ya barafu huwezi kusimama na kugeuka kama mtu mwenye raba miguuni. Unamwendea kwa kupinda, ukitokea upande wa katikati, gongo limetangulia, ili njia pekee inayobaki wazi kwake iwe ile ya ukutani. Ni kama unavyomsogeza kuku kwenye kona ya ua. Humfukuzi mbiombio. Unaziba upande mmoja kwa mwili wako na yeye mwenyewe anachagua kona. Nilichora ubaoni, nikaeleza, nikaonyesha, nikaeleza tena. Vijana wakaitikia kwa vichwa. Tulipoanza, wakamwendea mpinzani moja kwa moja, mmoja baada ya mwingine, nami nikapuliza filimbi nikaeleza mara ya tatu.

Wiki iliyofuata mzee aliomba nimpe dakika 15 na vijana wangu. Uwanja kamili una urefu wa mita 61 na upana wa mita 26. Aliukata vipande vitatu kwa kulaza vizuizi vya sponji. Katika kila kipande aliweka magoli mawili madogo, lakini aliyasogeza yote katikati, mbali na kuta, akaweka wawili dhidi ya wawili. Akasema sentensi moja tu: anayenyang'anya kisahani ukutani na kufunga anapata mabao mawili. Akapuliza filimbi.

Nilisimama pembeni. Dakika ya kwanza kila aliyemwendea mwenzake moja kwa moja aliachwa na kufungwa bao, kwa kuwa goli lilikuwa pale pale nyuma yake. Kufikia dakika ya nne, kijana mmoja mfupi ambaye huwa haongei alianza kupinda. Hakuna aliyemwambia. Aligundua kwamba akitokea katikati, goli linabaki mgongoni mwake na mwenzake anaishia ukutani, ambako kuna mabao mawili. Wengine wakamwona, wakamwiga. Mzee akawaita, wakasogea, akauliza, "Mmeona nini?" Yule kijana akaeleza kwa maneno yake mambo yote niliyoyachora ubaoni wiki iliyopita.

Hapo ndipo nilipoelewa kozi hii inafundisha nini. Michoro ni mali ya kila mtu. Kazi ya kocha wa kiwango cha juu ni kuyapanga mazingira ya zoezi, yaani ukubwa wa barafu, mahali pa goli, thamani ya bao na idadi ya watu, kiasi kwamba jibu sahihi ndilo linalolipa. Kisha anyamaze. Kunyamaza huku kunahitaji maandalizi mengi kuliko kuongea. Kwa mazoezi ya dakika 60 siku hizi natumia karibu saa mbili mezani, na swali ninalojiuliza kwa kila zoezi ni alilonipa yeye: mchezaji aliye mbali na kisahani anafanya nini hapa? Kama anasimama kwenye foleni, zoezi nalifuta. Barafu hukodiwa kwa saa, tena kwa bei inayowaumiza wazazi, na foleni ndiyo inayoila.

Benchi ni darasa lingine kabisa, na naona halizungumzwi vya kutosha. Katika hoki wachezaji hubadilishana huku mchezo ukiendelea. Zamu moja ni kama sekunde 45, kwa sababu ile ni mbio ya nguvu zote na miguu huisha. Kocha ana washambuliaji 12, mabeki 6, na anatakiwa ajue nani anaingia, nani amechoka, mpinzani ameweka nani. Katika kelele hizo makocha wengi, nami nikiwamo, humrukia mchezaji aliyekosea pale pale anapokaa. Mzee alinizuia kwa mkono. "Mwangalie mabega," akasema. Mabega yanapanda na kushuka, mdomo uko wazi. Kijana wa namna hiyo anasikia sauti, maneno hayasikii. Subiri mpaka mabega yatulie na achukue maji, kisha mwulize aliona nini. Usianze kumwambia wewe ulichoona. Mara nyingi anakuambia kosa lake mwenyewe, na wakati mwingine anakuambia jambo ambalo wewe, kutoka nyuma ya benchi, hukuliona kamwe: kwamba beki wa pili alikuwa ameanguka, au kwamba kisahani kiliruka juu ya gongo. Msimu uliopita nilimkaripia kijana kwa kuacha nafasi yake, kumbe alikuwa anaziba ya mwenzake aliyevunjikiwa gongo. Nilimwomba radhi mbele ya timu, na bado jambo hilo linanisumbua.

Kuhusu video nitasema kidogo tu, maana kila simu sasa ni kamera. Kocha Roger Neilson aliitumia tangu miaka ya 1970, wengi wakiona ni mchezo wa kitoto, hadi wakambandika jina la utani la Kapteni Video. Wazee wetu wa kozi hutuwekea kikomo: vipande vitatu kwa kila kikao, na angalau kimoja kimwonyeshe mchezaji akifanya vizuri. Zaidi ya hapo, wanasema, unajionyesha wewe.

Msimu ulipokaribia kwisha alirudi kunitathmini. Mazoezi ya dakika 60, mzee juu ya viti vile vile, saa ile ile. Nilikuwa nimejipanga na bado moyo ulinienda mbio. Alinihesabia dakika 7. Hakunisifu kwa hilo. Aliniuliza kwa nini katika zoezi la tatu kipa wangu wa pili alisimama dakika nne bila kupigiwa hata mkwaju mmoja, na sikuwa na jibu. Nikaandika.

Mwaka 2024 Kenya ilipokelewa kuwa mwanachama mshiriki wa Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafuni. Habari ile niliisoma mara mbili. Wenzetu wa Kenya Ice Lions, timu ya hoki ya barafuni ya Kenya, wamejifunzia mchezo huu ndani ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, Nairobi, kwenye barafu iliyofunguliwa mwaka 2005, nao mwaka 2018 walialikwa Kanada wakacheza pamoja na nyota wa Kanada Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Watu huwahurumia kwa sababu barafu yao ni ndogo kuliko ya kawaida. Natamani wangemwona yule mzee akiukata uwanja kamili vipande vitatu kwa makusudi, apate udogo ambao Nairobi wanao kila siku. Udogo huo unamnyima mchezaji mbio ndefu, hilo ni kweli, na siku wakicheza kwenye uwanja kamili mapafu yatawadai. Lakini macho, mikono na uamuzi wa haraka hukua vizuri sana katika nafasi finyu.

Kijana mmoja wa Nairobi, anayesaidia kufundisha watoto, aliniandikia kwenye WhatsApp akiomba michoro. Nilimtumia yote niliyo nayo, kama nilivyopewa. Juu yake nikaongeza lile zoezi la magoli mawili ya katikati, na nikamwomba ajipime kwa saa ya simu yake. Juzi alinijibu kwa video ya sekunde 40. Watoto wanne, makoni mawili mahali pa kila goli, na msichana mwenye kofia kubwa kuliko kichwa chake anamwendea mwenzake kwa kupinda, anamfikisha ukutani, anamnyang'anya kisahani. Nimeirudia mara nyingi. Zinasikika bledi, vyuma vya chini ya viatu, zikikwaruza barafu na watoto wakipiga kelele. Sauti ya kocha haimo.