Kabla ya kichwa, tuangalie shingo

"Munganga, kichwa ya mutoto inaharibika upande moja." Wamama wanatuletea maneno haya sana katika chumba cha kinesiterapia (matibabu ya mazoezi ya viungo) hapa Bukavu, Kongo, mara nyingi mtoto akiwa na miezi 2 au 3. Mama anageuza kisogo tukione: kweli, upande mmoja umebonyea, na nywele zimekatika pale. Mimi kwanza naangalia shingo. Namwita mtoto kutoka kushoto, kisha kulia, nione anageuka hadi wapi.

Mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga ni laini na haijaungana, ili ubongo upate nafasi ya kukua. Anapozaliwa, mzunguko wa kichwa ni sentimita 35 hivi, na katika miezi 3 ya kwanza huongezeka karibu sentimita 2 kila mwezi. Kichwa kinachokua kwa mwendo huo hujaa kule kilikoachiwa nafasi. Wamangbetu wa kaskazini-mashariki mwa nchi yetu walilijua hilo zamani: walikaza vitambaa kuzunguka vichwa vya watoto wachanga, vikarefuka. Godoro nalo hufanya hivyo polepole kwa mtoto anayelalia upande uleule usiku na mchana. Ubongo hauharibiki kwa sababu ya kulalia upande mmoja, kwa hiyo mama asijilaumu.

Lakini kwa nini hageuki? Mara nyingi shingo imekaza. Msuli unaotoka nyuma ya sikio mpaka kifuani umefupika upande mmoja, pengine tangu alipobanana tumboni. Kichwa kinainamia bega la upande huo, kidevu kinaelekea upande wa pili. Wengine, wiki chache baada ya kuzaliwa, wana kivimbe kigumu katika msuli huo. Wengine wanakubali ziwa moja, wanalia wakipewa lingine. Mazoezi ya kunyoosha yakianza kabla ya miezi 3, karibu wote hupona bila upasuaji. Tunamfundisha mama mkono kwa mkono, maana yeye ndiye atakayeyafanya kila akibadilisha nepi. Tafadhali, asianze kabla ya kuonyeshwa.

Usingizini mtoto alale chali, hata kama kisogo kimebonyea. Kwa hili sina mchezo. Marekani ilipoanza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1994, vifo vya ghafla usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata. Vichwa bapa viliongezeka, ndiyo, lakini kichwa bapa kinarekebishika. Mito inayouzwa eti inatengeneza kichwa inaweza kumziba pumzi. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya wazazi wasiitumie, mwaka 2022. Afadhali umgeuze kitandani, kichwa kikae kule miguu ilikokuwa, ili akitafuta mlango au sura yako ageukie upande asioupenda.

Akiwa macho, mlaze kifudifudi juu ya kifua chako, dakika chache mara 2 au 3 kwa siku, ukiongeza kadiri anavyopata nguvu. Na kitenge chetu kinasaidia sana: mgongoni mwa mama kisogo hakigandamizwi na kitu. Hakikisha tu uso na pua viko wazi.

Bibi wanaokanda kichwa kwa maji ya moto wanafanya kwa upendo. Ila kubonyeza hakurudishi umbo, na utosi si wa kubonyezwa. Bibi tumpe mtoto ambebe mchana, hapo atasaidia kweli.

Wenye ndugu Ulaya huniuliza kuhusu kofia ngumu za kurekebisha kichwa. Uholanzi, mwaka 2014, ulichapishwa utafiti wa watoto 84: walipofika miaka 2, waliopona kabisa walikuwa 26% kwa waliovaa kofia na 23% kwa wasiovaa. Kwa watoto wengi, siwezi kumwambia mzazi atafute pesa za kofia hiyo.

Siku za chanjo, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, omba muuguzi apime kichwa na ageuze shingo. Usingoje siku hiyo ukipapasa na kukuta tuta gumu la mfupa kichwani, utosi ukifunga mapema au ukivimba, kichwa kikikua haraka mno au kikikataa kukua, au umbo likiwa baya tangu kuzaliwa na kuzidi. Huenda mifupa imeungana kabla ya wakati au maji yamejaa kichwani. Mazoezi hayatibu hayo. Mpeleke kwa daktari wa watoto wiki hiyohiyo. Akitapika sana au akilegea, siku hiyohiyo.