Magari ya rimoti: dhana potofu nilizozilipia kwa hela yangu

Kila nikitoka na gari yangu pale uwanjani mtaani lazima atokee mtu mzima mmoja anasogea pole pole, mikono nyuma, anajifanya anapita tu, halafu anauliza maswali matatu kwa mpangilio uleule: inakimbia ngapi, umenunua shilingi ngapi, na mwanao yuko wapi. Sina mtoto pale. Gari ni yangu. Sasa kwa kuwa najibu haya maswali kila jumamosi, na kwa kuwa mengi wanayoamini watu ndo hayohayo niliyoamini mimi nikaingia hasara, acha niyamwage hapa, mwenye kuchukua achukue.

"Si matoi ya watoto haya?"

Yapo ya watoto na yapo haya, na kwa macho tu unaweza usione tofauti. Tamiya wa Japani walitoa gari yao ya kwanza ya rimoti mwaka 1976, Porsche 934 ya skeli 1/12 (yaani ndogo mara kumi na mbili kuliko gari halisi), na kufika 1985 watu walikuwa wanashindania ubingwa wa dunia wa skeli 1/10 kule Del Mar, California. Sasa wale nao utawaambia wakamtafute mtoto mwenye gari?

Tofauti unaipima dukani bila hata kumsikiliza muuzaji. Washa, geuza usukani wa rimoti kidogo sana, kama mtu anayekwepa kijiwe. Matairi yakigeuka kidogo vilevile, hiyo ni ya hobi. Yakiruka mpaka mwisho, kushoto yote au kulia yote, hilo ni toi hata kama boksi limeandikwa spidi ya ndege. Kisha pindua tumbo juu uangalie kama mota, sevo (kile kinachogeuza matairi) na betri vinafunguliwa kwa skrubu kimoja kimoja, maana hobi yenyewe iko hapo kwenye kufungua. Toi likiungua ubao wa umeme wa ndani, umeshaaga. Kuna vigari vidogo vya bei ya chini ambavyo risiva (kinachopokea amri za rimoti) na ESC (kile kidude kinachoamua mota ipate umeme kiasi gani) viko ubao mmoja, hivyo navihesabu katikati, kujifunzia vinafaa ila kimoja kikifa vimekufa vyote viwili.

"Cha kwanza ng'oa mota weka brashilesi"

Hapa ndo hela yangu nyingi imelala. Nilikuwa na kagari ka skeli 1/14, mota ya brashi (ina vipande vya kaboni vinavyosuguana ndani kupitisha umeme, brashilesi haina), kanaenda vizuri tu, nikaangalia video mbili tatu usiku nikaagiza mota isiyo na brashi na ESC yake na betri ya seli tatu, nikangoja wiki kama tano mzigo ufike, nikakaa chini jumapili nzima nalehemu. Jaribio la kwanza kalisimama kwa matairi ya nyuma, nikacheka peke yangu barabarani. Dakika ya nne nikasikia krrrr. Difu ya nyuma, meno yamelika yote. Nikaagiza difu ya chuma. Difu ikawa ngumu, ikafuata shafti ya katikati kujikunja. Nikaweka shafti ya chuma, vikachanika vile vikombe vinavyopeleka nguvu kwenye tairi. Kila nikiimarisha kitu, nguvu inasogea kutafuta kidhaifu kinachofuata, na mwisho wa siku ile gari ilishakula hela ya kununua nyingine ya skeli 1/10 iliyotoka kiwandani ikiwa imejengewa brashilesi toka mwanzo, kuanzia difu mpaka ekseli.

Kwa hiyo ukweli ni kwamba mota ndo inakuja mwisho. Mota ya brashi sio mbaya, tena kwa magari ya kupanda mawe watu wengi wanaipenda kwa sababu inaondoka taratibu na ni rahisi kuielewa. Na usidanganywe na ile namba ya KV ukadhani ni nguvu. KV ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja mota ikiwa haijabeba kitu, basi. Mota ya 3300KV kwenye betri ya volti 7.4 inazunguka kama mara 24,420 kwa dakika, ukiiwekea ya 11.1 inafika 36,630, na hapo hujagusa kitu kingine chochote. Mwenye gari nzito ya matairi makubwa akinunua KV kubwa kabisa atapata joto, sio mwendo.

Ukiniuliza cha kwanza ni nini nitakwambia beringi, kama gari yako imekuja na bushi za plastiki, vile vipete vinavyokaa mahali pa beringi. TT-02 ya Tamiya kwa mfano inakuja nazo kwenye boksi, ukizitoa ukaweka beringi saizi 5 kwa 11 kwa 4 mm unazungusha tairi kwa kidole linaendelea lenyewe wakati mwanzo lilikuwa linasimama kama limekanyaga gundi. Baada ya beringi ni tairi. Mtu anahangaika na mota wakati tairi zake ni ngumu kama kandambili mpya, gari inateleza tu kwenye vumbi, hiyo nguvu anaipeleka wapi?

"Toa plastiki zote, weka aluminiamu"

Inapendeza kwenye picha, ya bluu, ya dhahabu, inang'aa. Ila mkono wa mbele wa plastiki ukigonga ukuta unapinda kidogo unarudi, au unavunjika, na pea yake ni hela ya chipsi mayai na soda. Mkono wa aluminiamu ukigonga ukuta unajikunja haurudi, au mbaya zaidi wenyewe unabaki mzima na kishindo kinaingia ndani kwenye boksi la gia na kwenye chasisi. Umeokoa cha elfu chache umevunja cha elfu nyingi. Ndo maana kuna kampuni kama RPM ya Marekani imejijengea jina kwa kuuza mikono ya nailoni, yaani watu wanalipia zaidi wapate plastiki iliyo bora.

Aluminiamu ina pa kukaa. Kishikio cha mota, kwa sababu kinapunguza joto na hakiachii mota ikasogea. Zile heksi za kwenye rimu, vipande vya pembe sita vinavyoshika tairi, maana za plastiki zinamomonyoka. Hapo weka. Na skrubu yoyote ya chuma inayoingia kwenye chuma itilie tone la ile gundi ya bluu ya kuzuia skrubu isifunguke, mtikisiko unafungua kila kitu, nimewahi kumaliza betri moja nikarudi nyumbani na gari isiyo na skrubu mbili na pini moja na sijui zilidondokea wapi.

"Pinioni kubwa ni spidi ya bure"

Pinioni ni ile gia ndogo kabisa kwenye shingo ya mota. Ukiongeza meno gari inakimbia zaidi, hiyo kweli. Ila mota inavuta ampia nyingi na inapika. Kwa joto letu hili la Dar, mwezi wa pili, lami yenyewe inachoma, mota inaanza safari ikiwa tayari imechoka. Ongeza jino moja, endesha dakika tano, simama, gusa mota kwa kidole. Ukishindwa kuacha kidole hapo sekunde tatu nne, rudisha jino. Wenye kipima joto hawapendi kuona inapita nyuzi 80 hivi.

Na ukibadilisha pinioni lazima upange upya umbali wa gia mbili. Chukua kipande chembamba cha karatasi ya daftari, kiingize katikati ya meno, bana mota ikiwa imekibana hicho kikaratasi, kaza skrubu, halafu zungusha kitoke. Kikitoka kimekunjwa zigzag lakini hakijachanika umepatia. Kimechanika? Umebana mno. Hakina hata alama? Legelege, utasikia gia zinalia kama njugu. Hii ya karatasi wanaijua wote wenye hii hobi na haijawahi kunigharimu hata mia.

"Betri ni betri tu"

Hapana jamani. Hapa naomba usome taratibu.

Namba ya mAh (betri inabeba umeme kiasi gani) haiongezi spidi, inaongeza muda. Spidi ni volti. Seli moja ya lipo (betri ya lithiamu polima) ni volti 3.7, ikijaa inafika 4.2, na ikishuka chini ya 3.0 unaiua. Magari mengi ESC yake inakata moto yenyewe kabla ya hapo ila lazima iwe imepangwa kwa lipo, nyingine zina kijampa kidogo pembeni cha kuchagua lipo au NiMH (aina nyingine ya betri, ya nikeli), na ukikiacha kwenye NiMH haitakulinda.

Mimi niliacha gari imewashwa usiku kucha. Asubuhi chaja inakataa betri, nikaipeleka kwa fundi mmoja wa simu, akaniambia ngoja tuistue, kama wanavyostua betri za simu, inasukumiwa umeme kwa nguvu mpaka iamke. Na kweli ikaamka. Siku ya pili ilikuwa imevimba kama andazi. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba seli ikishuka sana shaba ya ndani inaanza kuyeyuka kwenye ile dawa yake, ukirudisha chaji ile shaba inajijenga mahali pasipotakiwa na inaweza kuunganisha pande mbili, na hapo ndo moto. Lipo iliyokufa haistuliwi, inazikwa tu.

Chaji kwa kipimo cha uwezo wake: ya 1500mAh kwa ampia 1.5, ya 5000 kwa ampia 5, na kile kiwaya kidogo cheupe cha kusawazisha seli kichomekwe kila mara. Usiichaji ukalala, na usiichaji juu ya godoro. Kama huchezi wiki hii iache kwenye 3.8 kwa seli, maana ikikaa imejaa wiki kadhaa inaanza kuvimba bila hata kutumika. Ndo maana huwa nawaambia watu kabla hujanunua betri ya pili nunua chaja yenye skrini. Ile ya USB inayokuja na gari hujui inafanya nini humo ndani.

Na wale wanaosema betri haziruhusiwi kabisa kwenye ndege hivyo ndugu yako wa Dubai hawezi kukuletea: anaweza. Za akiba zinapanda naye kwenye begi la mkononi, sio la kukabidhi, ncha zake zikiwa zimefunikwa, na mpaka Wh 100 (wati-saa, yaani volti mara ampia-saa) kwa kawaida hakuna haja ya kibali cha shirika. Betri ya 11.1V 5000mAh ni Wh 55.5 tu. Asome masharti ya ndege yake kwanza, basi.

"Imeandikwa haiingii maji"

Umeme wake ndo hauingii maji. Beringi zinaingia, na chumvi haijui maandishi ya boksi. Jamaa yangu aliipitisha ya kwake kwenye mawimbi Coco Beach, video tamu kweli, akaifuta kwa tisheti akaiweka. Wiki mbili mbele beringi zote zimeshika kutu tairi halizunguki. Ikigusa maji ya bahari ioshe kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, ikaushe, weka mafuta kwenye beringi. Au baki nchi kavu.

"Mafuta yoyote yanafaa kwenye shokapu"

Mafuta ya cherehani, ya injini, hata ya kula nimeyaona. Zile pete za mpira humo ndani zinavimba kwa mafuta yanayotokana na petroli na shokapu inaanza kuvuja. Ni ya silikoni tu. Na yale magari madogo ya injini, ya nitro, usiweke petroli ya boda humo, yanatumia methanoli iliyochanganywa na nitromethane na mafuta ya kulainisha, na kuyapata hapa ni kazi. Petroli na oili ya tustroku ni kwa yale makubwa ya skeli 1/5.

"Chukua yenye spidi kuliko zote, usije ukajuta"

Kilomita 60 kwa saa ni mita karibu 17 kwa sekunde. Uwanja wetu unaisha kabla hujasema "mama". Traxxas walipotoa XO-1 ya maili 100 kwa saa, kama kilomita 160, wao wenyewe waliifungia spidi mpaka uunganishe na simu ndo ifunguke, na wale ndo wauzaji.

Kwa hiyo mgeni wangu wa mikono nyuma huwa nampa rimoti, ila kwanza napunguza kile kiduara cha nguvu mpaka nusu. Washa rimoti kwanza gari baadaye, kuzima ni kinyume chake, namwambia, anaitikia kwa kichwa macho yako kwenye gari. Kwenda anaenda vizuri. Shida ni kurudi, kwa sababu gari ikikuelekea kushoto kwako ni kulia kwake, na hilo hata umwambie mara kumi kidole hakisikii. Anakata kushoto, gari inaenda kulia, anaongeza moto badala ya kuachia, paa, kwenye tofali za goli. Anabaki ameshika mdomo. Mkono wa mbele kulia, wa plastiki. Huwa natembea nayo miwili mfukoni.