Vite au Webpack? Suali lenyewe khasa liko kwenye pakeji

Vijana wanaokuja field kwenye kitengo chetu cha TEHAMA hapa Unguja suali lao la kwanza ni hilo hilo, tutumie Vite au Webpack, yaani zile zana za kukusanya kodi (code) ya websaiti iwe tayari kwa brauza. Mradi mpya chukua Vite, wa zamani unaokwenda vizuri na Webpack uwacheni ulivyo, na Create React App, ile zana ya zamani ya kuanzishia miradi ya React, msianzie tena mana wenyewe walishatangaza Februari 2025 kwamba haiendelezwi. Basi hapo tusigombane.

Pa kugombania ni pakeji, yaani vipande vya kodi vilivyoandikwa na watu wengine unavyovivuta kwenye mradi wako. Unatengeneza websaiti ya gesti ya Paje, vyumba vichache na fomu ya bukingi tu, ukifungua folda la node_modules unakuta mamia ya pakeji na wewe uliomba kumi, zilobaki zimevutwa na hizo kumi na kila moja ina mwenyewe usiyemjua. Septemba 2025 mtunzaji mmoja wa pakeji za npm (ghala la pakeji za JavaScript) alitumiwa imeli ya uongo ya kuhuisha usalama wa akaunti yake, akanasa, na pakeji zake chalk na debug zinazopakuliwa mamilioni ya mara kwa wiki zikatiwa kodi ya kubadilisha anwani za sarafu za kidijiti ili pesa ziende kwa mwizi. Zilitolewa baada ya masaa machache, lakini alopakua ndani ya masaa hayo alikwishazipata.

Kwa hiyo package-lock.json, faili linaloandika toleo halisi la kila pakeji, lazima iingie kwenye Git (mfumo wa kuhifadhi historia ya kodi), nawaona wengi wanaifuta eti inawaletea fujo! Na kwenye seva tumia npm ci, sio npm install, mana npm ci inafuata matoleo yaloandikwa mule na yasipolingana na package.json, orodha ya pakeji ulizoomba, inagoma. Ukipiga npm audit, amri ya kukagua pakeji zenye udhaifu wa usalama, usishtuke na wekundu wote, weka --omit=dev ubaki na zile zinazokwenda kwa mtumiaji kweli, na ile npm audit fix --force ya kurekebisha kwa nguvu usiiguse usiku wa kuamkia uzinduzi, inaweza kukurushia matoleo makubwa ukavunja kila kitu.

Jengine, funguo za siri, kama ule wa kuungia huduma ya malipo. Kwenye Vite, kigeu (variable) chochote unachokiita kwenye kodi kikiwa kinaanzia na VITE_ kinaingia kwenye faili linalokwenda kwa brauza, sasa mtu anaita VITE_SIRI_YA_MALIPO halafu anasema nimeficha kwenye faili la mipangilio la .env, umeficha wapi? Ufunguo wa malipo unakaa seva. Gitleaks ni ya bure, itakupekulia historia nzima ya Git kutafuta funguo zilizovuja, na ukikuta ufunguo umevuja kuufuta kwenye faili hakutoshi mana historia inao bado, ubadilishe kule kule ulikoupata.

ZAP, programu ya kutafuta udhaifu wa usalama, nayo ya bure na nzuri sana kwa kujaribu websaiti yako, narudia, yako, mana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafanya kazi na huku Zanzibar, kama ni ya mteja chukua ruhusa ya maandishi kwanza.