Afya ya akili ya wahudumu wa afya: maswali kuhusu sera na majibu yake

Sera nyingi za afya ya akili kwa wahudumu wa afya huanza na kuishia kwenye semina: mtaalamu anakuja, anafundisha kupumua taratibu na kupanga muda, watu wanasaini mahudhurio, kesho yake wanarudi kwenye wodi ileile yenye muuguzi mmoja. Majibu haya ni kwa ajili ya wahudumu, wakuu wa idara na wanaoandika sera, na msimamo wetu ni huu: kazi yenyewe inapangwa upya kwanza, ndipo mtu afundishwe kujitunza.

Uchovu wa kazi ni ugonjwa?

Hapana. Katika orodha ya kimataifa ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022, hali hii imeelezwa kama jambo linalotokana na kazi. Haikuwekwa kwenye kundi la magonjwa. Inatambuliwa kwa mambo matatu: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na kuona kwamba unachofanya hakina tija. Chanzo kilichotajwa ni msongo wa muda mrefu wa kazini ambao haukudhibitiwa.

Maana yake kisera ni kubwa. Kama chanzo ni kazi, kumpeleka muuguzi kwa mshauri nasaha huku zamu zake zikibaki vilevile ni kumtibu kipele mtu aliyelala juu ya siafu. Lakini msivuke mpaka upande wa pili pia. Sonona ni ugonjwa, na humfuata mtu hata akiwa likizo: huzuni au kukosa hamu ya kila kitu karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, usingizi na hamu ya chakula kuvurugika, kujiona hafai, kushindwa kutulia akilini. Huyo anahitaji matibabu. Akiambiwa "umechoka tu, pumzika", anacheleweshwa.

Serikali ianze na nini?

Idadi ya watu kwenye zamu. Hapa ndipo sera nyingi huanguka, kwa sababu hesabu hufanywa kwa vitanda au kwa nafasi zilizoidhinishwa miaka mingi iliyopita, bila kuangalia saa ambazo mtu mmoja anaweza kweli kufanya kazi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua wiki 52 za siku 5 za kazi, unapata siku 260. Toa likizo ya mwaka, tuseme siku 28, sikukuu 10, ugonjwa 5 na mafunzo 5. Zinabaki siku 212, yaani saa 1,696 kwa mwaka kwa zamu za saa 8. Nafasi moja ya muuguzi inayopaswa kuwa na mtu usiku na mchana ina saa 8,760 kwa mwaka. Gawanya: unahitaji wauguzi 5 na kidogo kwa nafasi moja tu. Ukiongeza nusu saa ya kukabidhiana wagonjwa katika kila zamu kati ya tatu za siku, unafika 5 na nusu. Weka takwimu za kwenu na urudie hesabu. Shirika la Afya Duniani lina utaratibu wa kukadiria mahitaji ya wafanyakazi kwa kuangalia mzigo wa kazi, unaojulikana kwa kifupi chake WISN, nao huanzia kwenye saa hizihizi.

Hospitali yenye wauguzi 4 kwa nafasi hiyo itaziba pengo kwa njia tatu: kufuta likizo, kuunganisha zamu, au kumwacha mtu mmoja na wagonjwa wa watu wawili. Zote tatu huonekana baadaye kama "matatizo ya kisaikolojia ya watumishi".

Tutajuaje kama ratiba ya zamu inaumiza watu?

Ichukueni ile karatasi iliyobandikwa ukutani na muisome kwa saa, msiisome kwa siku. Mwangalie anayetoka zamu ya jioni saa 3 usiku. Kukabidhi wagonjwa kunamfikisha saa 4. Kesho ameandikiwa zamu ya asubuhi inayoanza saa 1. Kwenye karatasi ni siku mbili tofauti za kazi, lakini ukweli ni saa 9, na ndani yake kuna kwenda nyumbani, kuoga, kula, kulala, kuamka na kurudi. Pendekezo namba 157 la Shirika la Kazi Duniani kuhusu wauguzi, la mwaka 1977, linataka angalau saa 12 za mapumziko mfululizo kati ya zamu na zamu, na siku ya kazi isizidi saa 12 ukijumlisha saa za ziada.

Kosa la pili limejificha zaidi. Mtu anatoka zamu ya usiku Jumanne asubuhi, na Jumanne hiyohiyo inaandikwa kuwa siku yake ya kupumzika. Hiyo ni siku ya kulipa deni la usingizi. Siku ya mapumziko inapaswa kuanza baada yake. Ikiwa Jumatano asubuhi yuko kazini, hakupumzika, hata kama karatasi inasema alipumzika.

Mambo mengine ya kudai kwa maandishi: zamu za usiku zisizidi 3 mfululizo, ratiba itoke wiki kadhaa kabla ili watu wapange maisha yao, mabadiliko ya ghafla yawe na kumbukumbu ya aliyeyaidhinisha na sababu, na pawepo mahali pa kujinyoosha dakika 20 hadi 30 wakati wa usiku, na mtu wa kushika wagonjwa. Bila mtu wa kushika wagonjwa hakuna mapumziko, hata chumba kiwe kizuri namna gani.

Mgonjwa amefariki vibaya mikononi mwetu. Nini kifanyike saa zile na siku zinazofuata?

Saa ya kwanza: mkuu wa zamu awatoe waliohusika kwenye eneo hilo, hata kwa dakika 15, na awape maji na mahali pa kukaa. Aulize jambo moja la vitendo: "Unahitaji nini sasa hivi?" Msaada wa kwanza wa kisaikolojia una hatua tatu tu, kuangalia, kusikiliza na kuunganisha. Angalia nani anatetemeka au amenyamaza kupita kiasi, sikiliza bila kumlazimisha asimulie, muunganishe na mtu wake au na huduma. Asirudishwe moja kwa moja kwa mgonjwa mwingine aliye mahututi. Kama lazima arudi, awe na mwenzake.

Mambo mawili yasifanyike. La kwanza ni kuwakusanya wote na kuwalazimisha kusimulia tukio hatua kwa hatua na hisia zao katika kikao kimoja. Shirika la Afya Duniani linashauri kikao cha namna hiyo kisitumike, kwa kuwa hakizuii madhara ya baadaye na huweza kuwaongezea baadhi ya watu mateso. Kikao cha kitaalamu cha kuchunguza kosa la tiba ni kitu kingine. Kifanyike siku nyingine, na kisichanganywe na faraja. La pili ni kugawa vidonge vya usingizi vya jamii ya diazepamu. Havishauriwi kwa mtu mzima katika mwezi wa kwanza baada ya tukio la kutisha, hata kama vipo kabatini na mwenzako anakuomba.

Siku ya tatu, wiki ya pili na mwisho wa mwezi, mtu aliyetajwa kwa jina awatafute waliohusika. Ndoto mbaya na kushtuka katika siku za mwanzo ni kawaida, na kwa wengi hupungua zenyewe. Zikiendelea kupita mwezi, au mtu akianza kukwepa chumba kile au kunywa pombe ili alale, apelekwe kwa mtaalamu.

Naogopa kutafuta tiba, leseni yangu itakuwaje?

Woga huu una msingi, na hauwezi kuondolewa na bango lenye maneno ya kutia moyo. Marekani, Dkt. Lorna Breen, daktari wa idara ya dharura New York, alijiua Aprili 2020. Familia yake ilieleza hadharani kwamba alihofia kupoteza leseni kwa kupata matibabu ya akili. Machi 2022 ilisainiwa sheria yenye jina lake, inayotoa fedha kwa mafunzo na programu za kulinda afya ya akili ya wahudumu, na mabodi mengi ya leseni nchini humo yamebadilisha fomu zao.

Chukua fomu ya kuhuisha leseni au ya ajira mpya uangalie sehemu ya afya. Swali baya ni hili: "Umewahi kutibiwa ugonjwa wowote wa akili?" Linamwadhibu aliyetibiwa miaka 10 iliyopita akapona, na linamwacha apite yule anayeumwa leo na hajatibiwa. Swali linalolinda wagonjwa ni hili: "Kwa sasa, una hali yoyote ya kiafya isiyotibiwa inayokuzuia kufanya kazi yako kwa usalama?" Linagusa magonjwa yote sawasawa, na linauliza uwezo wa leo. Baraza la kitaaluma linaweza kubadilisha sentensi hiyo bila bajeti yoyote.

Baada ya fomu, usiri. Mhudumu asilazimike kutibiwa katika hospitali anayofanyia kazi, ambako jalada lake litapita mikononi mwa wenzake mapokezi, maabara na dawa. Sera imruhusu kutibiwa kituo kingine, na cheti kinachofika ofisi ya utumishi kiandike siku za mapumziko na kazi anazoweza kufanya, kisiandike jina la ugonjwa. Kama bima inalipia kila kitu ila afya ya akili, sera haijakamilika.

Ndugu wa mgonjwa alinipiga. Hilo nalo linaingia kwenye sera ya afya ya akili?

Linaingia, tena mapema. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, unataka vurugu na unyanyasaji kazini vizuiwe, pamoja na vinavyofanywa na watu wa nje. Kituo kiwe na namna ya kuita msaada kutoka chumba cha mgonjwa, mlinzi karibu na idara ya dharura, na utaratibu wa kutoa habari za msiba wakiwa watu wawili, katika chumba ambacho mhudumu anakaa karibu na mlango. Kesi ifunguliwe na mwajiri. Aliyepigwa akiachiwa aende mwenyewe kituo cha polisi baada ya zamu, mara nyingi haendi.

Usisahau matusi ya wakubwa. Daktari bingwa anayemfokea muuguzi mbele ya mgonjwa anafanya kosa lilelile, na sera isiyotaja ngazi za juu haitatumika.

Tuwapime watumishi wote kwa dodoso?

Tahadhari. Dodoso kama PHQ-9, la kupima dalili za sonona, lenye maswali 9 na alama 0 hadi 27, hutumika vizuri kliniki, na alama 10 na kuendelea huashiria haja ya uchunguzi zaidi. Lakini mwajiri akiligawa kwa wote wenye majina yao, watu watajibu kwa woga. Tena swali la 9 linauliza kuhusu kufikiria kifo au kujidhuru: nani atasoma jibu hilo, na atafanya nini usiku huohuo? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu afya ya akili kazini, wa 2022, haukufikia kupendekeza upimaji wa jumla wa wafanyakazi. Wekeni huduma kwanza. Kwa kupima hali ya idara, tumieni utafiti usio na majina.

Mwenzangu amesema afadhali afe. Nifanye nini?

Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizi wazo hilo. Akisema ndiyo, au ukibaki na shaka, usimwache peke yake. Mpeleke mwenyewe idara ya dharura au kwa mtaalamu leo. Wahudumu wa afya wako karibu na dawa, kwa hiyo funguo za kabati la dawa zishikwe na mwingine, na mwenzako huyo asipangiwe zamu ya peke yake. Usiahidi kutunza siri. Mwambie utawaambia wachache tu wanaohitajika kumsaidia, na uwataje.

Anarudije kazini baada ya sonona?

Kwa hatua, na kwa makubaliano ya maandishi. Mfano unaofaa kwa wengi: wiki 2 za nusu siku bila zamu za usiku, wiki 2 za saa 6, kisha siku kamili, na usiku kurudi mwisho baada ya kliniki yake kuridhia. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu, na huendelea miezi 6 hadi 12 baada ya kupona, hivyo siku za kliniki zihesabiwe kama muda wa kazi unaolipwa. Kinachoharibu mara nyingi ni siku ya kwanza: anakuta wodi haina mtu na anakabidhiwa zamu nzima. Mkuu wa wodi apewe mtu wa kuziba pengo kabla ya tarehe ya kurudi.

Tupime nini kujua kama sera inafanya kazi?

Kila miezi 3, bila majina: zamu zilizokuwa na watu pungufu, mapumziko chini ya saa 12 kati ya zamu, likizo zilizofutwa, matukio ya vurugu na yaliyofikishwa mbele ya sheria, walioacha kazi na sababu zao, na muda wa kusubiri miadi ya kwanza ya mshauri. Idara yenye watu wachache isitoe takwimu zinazomtambulisha mtu. Wahesabiwe pia wasafishaji, madereva wa ambulensi, wahudumu wa chumba cha maiti na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Takwimu zipelekwe kwa anayeshika bajeti ya ajira, na chama cha wafanyakazi kipate nakala.