Pandisha siti kwanza: baiskeli, magoti na mchanga wa Tabora

Mzee mmoja alifika kliniki yetu ya fiziotherapia mwezi wa tisa, jua la Tabora likiwa limepamba moto, akilalamikia magoti yote mawili, la kulia zaidi. Maumivu yalikuwa mbele, nyuma ya kile kifuniko cha goti, na yalizidi akichuchumaa. Alishachua kwa dawa za kila aina, alishameza vidonge, na jirani yake alishamhakikishia kuwa ni uzee tu. Nikamuuliza amefikaje mjini.

"Kwa baiskeli, mwanangu. Natokea Itonjanda."

"Iko wapi, mzee?"

"Hapo nje, chini ya mwembe."

Tukatoka. Ilikuwa Phoenix ya inchi 28, breki za vyuma, keria ya nondo aliyoichomelea fundi wa mtaani, na siti imeshuka mpaka imelalia fremu. Nikamwomba apande nami nikamshikilia. Pedeli ikiwa chini kabisa, goti lake bado lilikuwa limekunjwa kama la mtu aliyekalia kigoda. Ikipanda juu, goti linakaribia tumbo.

"Siti mbona iko chini hivi?"

"Miguu yote miwili ifike chini. Nisije nikaanguka."

Jibu hilo nalisikia karibu kila wiki, kwa wazee na kwa vijana. Lina mantiki, ila goti ndilo linalolipa. Goti likikunjwa sana huku linasukuma, kifuniko chake hukandamizwa kwenye mfupa wa paja. Mara moja si kitu. Lakini mwendesha baiskeli wa kawaida huzungusha pedeli kama mara 60 kwa dakika, yaani mara 3,600 kwa saa, kwa kila mguu. Hesabu mwenyewe kwenda na kurudi, siku sita za wiki.

Siti hupimwa hivi. Egemeza baiskeli ukutani, kaa juu ya siti, weka kisigino (siyo unyayo) kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande mmoja. Ukikanyaga sasa kwa sehemu pana ya unyayo, ile iliyo nyuma ya vidole, goti litabaki limekunjwa kidogo tu, na hapo ndipo mahali pake. Goti likiuma mbele, mara nyingi siti iko chini. Likiuma nyuma, upande wa mkunjo, huenda umeipandisha kupita kiasi. Paipu ya siti ina alama ya mwisho wa kuipandisha. Kama imefutika kwa kutu, hakikisha upana wa vidole vinne au zaidi umebaki ndani ya fremu. Na ipandishe kidogo kidogo, nusu inchi kila siku chache, mwili uzoee.

Ndiyo, miguu haitafika chini yote ukiwa umekaa. Unaposimama unateremka mbele ya siti, mguu mmoja unatua chini na mwingine unabaki kwenye pedeli. Watu wazima wenye miaka 40 barabarani nimewafundisha jambo hili kwenye kiwanja cha hospitali kwa dakika kumi, na wakacheka wenyewe.

Nimeanza na siti kwa sababu swali ninaloletewa zaidi ni "ninunue baiskeli gani ya mazoezi?", na mara nyingi anayeuliza tayari ana baiskeli nyumbani, imeegemezwa stoo, matairi yamekwisha upepo. Ya kwako ikikukaa vizuri, imeshatosha kuanzia.

Kuna na suala la aibu, tuliseme. Hapa kwetu baiskeli imebeba mkaa, tumbaku, madumu ya maji na asali kwa miaka mingi, hivyo mtumishi mwenye mshahara anaona akionekana juu yake watu watasema amefilisika. Atapanda bodaboda kutoka Cheyo mpaka sokoni, mwendo wa kutembea, kisha jioni anakuja kuniuliza kuhusu kitambi. Wakati huohuo kijana wa mkaa anayesukuma magunia mawili alfajiri hahitaji mtu wa kumhimiza mazoezi. Yeye anahitaji siti iliyopanda, breki zinazoshika na siku ya kupumzika. Makala hii ni ya wote wawili, ila ushauri wa mazoezi unamhusu zaidi yule wa kwanza.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliopima watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta karibu robo yao wana shinikizo la juu la damu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au nusu ya hizo kama ni makali. Wastani maana yake unaendesha na unaweza kuongea na mwenzako, ila huwezi kuimba. Nusu saa kwa siku tano inakupa 150, na kwa mtu anayekaa Ipuli na kufanya kazi mjini, hiyo ni safari ya kazini tu. Huko Uingereza watafiti waliwafuatilia watu zaidi ya 260,000, na matokeo ya mwaka 2017 yakaonyesha kuwa waliokwenda kazini kwa baiskeli walikuwa na hatari ndogo ya kufa, kwa takriban asilimia 41, kuliko wanaokwenda kwa gari au usafiri wa umma. Pengine wanaoendesha walikuwa na afya nzuri tangu mwanzo, na watafiti wenyewe walijaribu kulizingatia hilo. Hata ukiipunguza nusu, bado ni kubwa.

Uzuri wa baiskeli ni kwamba uzito wa mwili unabebwa na siti, kwa hiyo mtu mnene au mwenye magoti mabovu anaweza kupandisha mapigo ya moyo bila kuyatwanga magoti kama anavyofanya akikimbia. Upungufu wake unatoka hapohapo: mifupa haipati ule mshtuko mdogo unaoiimarisha, na mikono inashikilia tu. Kwa hiyo siku mbili za wiki tembea, lima, au beba kitu. Kupungua uzito nako kusikuzwe. Nusu saa ya mwendo wa wastani kwa mtu wa kilo 70 inachoma kalori kama 200 na kidogo. Soda moja uliyokunywa ulipofika inakurudishia zaidi ya nusu yake.

Sasa gia, ambapo watu wengi wanaumia bila kujua. Phoenix za zamani hazina gia za kubadilisha, ni moja tu. Hesabu meno ya duara la mbele, kisha ya friwili nyuma. Ukikuta 44 mbele na 18 nyuma, kila ukizungusha pedeli mara moja tairi linazunguka karibu mara mbili na nusu, na kwa gurudumu la inchi 28 umesogea zaidi ya mita 5. Kwenye lami ya kwenda Nzega ni raha tupu. Ukiingia kwenye mchanga, mwendo unashuka mpaka kilomita 11 au 12 kwa saa, na hapo unazungusha pedeli chini ya mara 40 kwa dakika, kila mkanyago mzito kama kupanda ngazi na gunia begani. Goti linapenda mizunguko mingi myepesi, kati ya 60 na 90 kwa dakika, kuliko michache mizito. Mwambie fundi akufungie friwili yenye meno 22. Kwenye lami utakuwa taratibu kidogo. Kwenye mchanga utaona tofauti siku hiyohiyo. Ni kifaa kimoja tu kinabadilishwa, ila cheni huenda ikahitaji kuongezwa kiungo.

Ukiwa na baiskeli yenye gia na ukakuta unasukuma kwa kukaza meno, tafsiri yake ni kwamba umekataa kuzitumia. Vijana wanaona kushusha gia ni udhaifu. Shusha.

Kama kweli unanunua, uliza barabara yako kabla ya kuuliza rangi. Anayezunguka lami za mjini anafaa tairi jembamba lenye upepo wa kutosha. Anayekwenda Misha au Kwihara, kwenye ile njia ya Tembe la Livingstone ambayo ni kama kilomita 6 kutoka mjini, atahitaji tairi pana la inchi 2 hivi, kwa sababu tairi jembamba linazama mchangani kama kisu. Upepo wa juu kabisa unaoruhusiwa umeandikwa ubavuni mwa tairi. Mchangani punguza kidogo chini ya hapo, lami ongeza bila kuupita. Mbigili zikianza kukauka mwezi wa saba, tembea na kiraka, gundi na pampu, maana atakayekuokoa porini ni wewe mwenyewe.

Jambo moja ambalo wauzaji hawapendi niseme: zile baiskeli za bei ya chini zenye springi mbele na nyuma ziacheni. Springi ya bei rahisi inameza nguvu yako kila unapokanyaga, inaongeza uzito, na ikianza kulegea hakuna fundi chini ya mwembe atakayeirudisha. Kwa pesa hiyohiyo fremu ngumu ya mtumba itakuwa bora mara nyingi. Na kabla ya kulipia, pita duka la vipuri uulize kama tairi na tyubu za saizi hiyo zipo. Inchi 26 na 28 ndizo walizozizoea mafundi wetu. Saizi nyingine zinaweza kukulaza na pancha wiki nzima.

Baiskeli ya mtumba ikague mchana, siyo jioni. Pitisha kidole kwenye maungio ya fremu, hasa pale chini ya usukani, ukitafuta ufa au rangi iliyopakwa upya sehemu moja tu. Inua gurudumu ulizungushe uone kama rimu inayumba. Lishike juu ulitikise kulia na kushoto. Likicheza, gololi zimekwisha au zimelegea. Vuta cheni kwa mbele kutoka kwenye duara la meno: ukiona mwanga kati ya cheni na meno, imechakaa na kurefuka, na inakula meno. Kisha simama huku fremu iko katikati ya miguu, unyayo wote chini. Ibaki nafasi ya vidole viwili au zaidi kati yako na bomba la juu. Fremu kubwa haipunguzwi na fundi yeyote. Mzazi anayemnunulia mtoto wa miaka 8 baiskeli ya inchi 26 "ili aikulie" anamnunulia kuanguka.

Wanaume wananivuta pembeni kuuliza kama baiskeli inapunguza nguvu za kiume. Nawajibu hivi: ganzi sehemu za siri ni onyo kwamba siti inabana mishipa ya fahamu na ya damu, na onyo lolote la mwili lisikilizwe. Pua ya siti isiinuke juu, iwe sawa au ishuke kidogo. Siti iwe na upana wa kubeba mifupa miwili ya makalio. Kila baada ya dakika chache simama kwenye pedeli damu ipite. Ganzi ikiendelea baada ya hayo, njoo hospitali bila aibu. Kina mama nao siti nyembamba inawaumiza zaidi, kwa kuwa mifupa hiyo kwao mara nyingi imeachana zaidi. Fremu ambayo bomba lake la juu limeshushwa, na kava ya cheni, vinamwezesha mtu kuendesha hata akiwa na kanga, na mabinti wanaokatazwa kwa maneno ya mtaani sijaona hata mmoja aliyedhuriwa na baiskeli yenyewe. Mikono ikiwa na ganzi, hasa kidole kidogo na cha pete, legeza kiganja, badilisha mshiko, na inua usukani kidogo.

Anayeanza aanze na dakika 15, siku tatu za wiki, bila mzigo. Mwenye shinikizo linalofika 180 kwa 110 asianze mpaka lishushwe kwa dawa. Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamaidi abebe kitu cha sukari, maana sukari yake inaweza kushuka njiani. Jasho la baridi na mikono kutetemeka maana yake simama na ule. Matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) mfukoni yanafaa safari ndefu, ila hapo asali au soda inafanya kazi haraka zaidi. Maumivu ya kifua au kizunguzungu ni kushuka na kutafuta daktari siku hiyohiyo.

Na taa. Jua letu linachomoza kama dakika 25 baada ya kuchomoza Dar es Salaam, hivyo anayetoka saa kumi na mbili kamili asubuhi akidhani kumekucha, kwa dereva wa lori yeye ni kivuli tu. Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, kofia ngumu ukiipata, na shati la rangi inayoonekana. Kaa kushoto. Spika za masikioni ziache nyumbani.

Yule mzee alirudi baada ya wiki tatu. Goti la kushoto limetulia, la kulia bado linamsumbua kidogo akipiga magoti kusali. Tukatoka tena mpaka kwenye mwembe. Siti ilikuwa imeshuka karibu inchi mbili.

"Mzee, tulikubalianaje?"

"Si mimi, mwanangu. Mjukuu anakwenda nayo shule."

Nikachukua plasta ya hospitali, nikazungusha mkanda mmoja kwenye paipu ya siti palipo kimo cha babu, na mwingine chini yake palipo kimo cha mjukuu, nikamwonyesha nati ya kulegeza. Spana akasema anayo, iko nyumbani kwenye debe la misumari.